Kutia klorini kwenye bwawa la nyumbani bila kujidhuru

Natunza mabwawa ya kuogelea ya majumbani hapa Kampala, mengi yakiwa Muyenga na Munyonyo. Kosa ninalolikuta kila mara ni kumimina klorini kwa kukisia. Fuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Pima maji. Zamisha kichupa cha kipimo hadi kina cha kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji bwawani. Dondoshea dawa ya kupimia, kisha linganisha rangi. Klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) 7.2 hadi 7.8. Ikiwa pH imefika 8, ishushe kwanza, la sivyo klorini itafanya kazi kwa unyonge. Ile harufu kali na macho kuwasha, wengi hudhani klorini imezidi. Mara nyingi imepungua: imeshikana na jasho na mkojo, na iliyobaki huru ni kidogo.

Hatua ya 2: Piga hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina mita za ujazo 48. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa lita unahitaji gramu 96 za klorini halisi. Hizo ni lita 2.7 hivi za Jik ya asilimia 3.5, au gramu 150 hivi za klorini ya unga ya asilimia 65. Soma lebo, maana hapa kwetu kila dawa ya kung'arisha nguo huitwa jik. Yenye manukato au nzito iache dukani. Iliyokaa muda mrefu kwenye joto imeshapungua nguvu.

Hatua ya 3: Ngoja jua likaribie kuzama. Tuko karibu na ikweta, na jua la mchana huimaliza klorini kwa saa chache. Mimi huanza saa kumi na mbili na nusu jioni. Washa pampu, vaa glavu na miwani, simama upepo ukitokea mgongoni.

Hatua ya 4: Tia dawa. Ya unga: jaza ndoo maji kwanza, ndipo unyunyize unga; kamwe usimwagie maji juu ya unga. Ya maji: imimine taratibu, mdomo wa dumu ukiwa karibu na maji, huku ukitembea ukingoni.

Ndoo hiyo iwe ya klorini peke yake. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua ndoo iliyobaki asidi kidogo ya kusafishia vigae, nikatia klorini. Ulipanda mvuke wa manjano ya kijani, koo likafunga, nikakohoa siku mbili. Tangu siku hiyo ndoo yangu ina mstari mwekundu. Usichanganye pia unga na vidonge vya aina nyingine ya klorini, vinaweza kulipuka. Ukiona mvuke, kimbia, ndoo iache hapo hapo.

Hatua ya 5: Funga geti la bwawa, pampu izunguke usiku kucha. Umeme ukikatika, hesabu saa upya ukirudi. Asubuhi pima tena. Ikiwa imezidi 3, watoto wasubiri; acha bwawa wazi juani, upime tena saa sita mchana.