Tivii inafifia yenyewe? Imulike tochi kwanza

Kama skrini ya tivii au kompyuta inakuwa hafifu yenyewe hasa usiku, kabla hujaanza kuhangaika na setingi chukua tochi ya simu uimulike kwenye ukingo wa chini wa fremu, karibu na nembo au kile kitaa cha kuwashia, pole pole toka upande mmoja hadi mwingine, na kila sehemu subiri sekunde kadhaa maana nyingi zimetengenezwa zibadilike taratibu ili macho yasistuke. Picha ikiongezeka mwanga basi umeshaipata sensa. Ile ni kitundu kidogo tu kinachopima mwanga wa chumba, chumba kikiwa na giza inapunguza taa za skrini, kwahiyo ikizibwa na spika iliyowekwa mbele, vumbi au stika, inadhani ni usiku hata saa sita mchana! Ondoa kilichoziba, au izime kwenye menyu, mara nyingi inakaa kwenye setingi za picha au za kuokoa umeme. Mimi naona bora kuiacha iwashwe, inapunguza umeme na inasaidia macho, ila ukitaka kurekebisha rangi izime kwanza maana utakuwa unapima kitu kinachohamahama.

Tochi haisaidii kama mwanga unabadilika kufuata picha yenyewe, mfano skrini za OLED (aina ambayo kila nukta inajitolea mwanga wake) zinajipunguza mwanga picha ikiwa nyeupe karibu yote, hiyo sio sensa.