Kabla ya kupima wingi wa maji kisimani: mambo ya kuandaa

Visima virefu vingi vya Mwanza vimechimbwa kwenye graniti, na graniti yenyewe haishiki maji. Maji hukaa kwenye nyufa zake na kwenye tabaka la mwamba uliooza juu yake. Kisima cha Usagara au Kisesa kinaweza kumwaga maji kwa nguvu saa ya kwanza, kisha kina cha maji kikaporomoka ghafla ufa ukishakauka. Kupima ni kuvuta maji kwa pampu huku kina chake kikisomwa. Kwa hiyo msikubali kupimiwa saa mbili tatu halafu mkachanga fedha za pampu kwa takwimu hizo. Kwa kisima cha kijiji au shule, dai saa 24.

Saa 24 zinataka dizeli ya kutosha na ya akiba. Jenereta ikizimika usiku wa manane, maji hupanda tena na upimaji huanza upya. Pampu isiguswe tangu siku iliyotangulia, ili kina cha maji yaliyotulia kijulikane. Bila namba hiyo, nyingine zote hazina pa kuanzia. Waombeni na majirani wenye visima wapumzishe pampu zao, au wawaruhusu mpime visima vyao pia, maana huenda mnachangia ufa mmoja.

Bomba la kutolea maji lipelekwe mbali, upande wa mteremko. Maji yakizama karibu na kisima yatarudi humo humo, na kisima kitaonekana kizuri kuliko kilivyo. Andaeni pipa la lita 200 na saa: likijaa kwa sekunde 100, hiyo ni lita 2 kwa sekunde, yaani lita 7,200 kwa saa. Kiasi hicho kisibadilike hadi mwisho. Chupa safi za sampuli ziwepo pia, zijazwe pampu ikikaribia kuzimwa, maabara iangalie chumvi na floraidi.

Wagaweni watu zamu. Dakika kumi za mwanzo kina husomwa kila dakika, baadaye kwa nafasi zinazozidi kupanuka. Mwaka 1935 Theis, mtaalamu wa maji ya ardhini wa Marekani, alionyesha kwamba mwendo wa maji kushuka hueleza jinsi mwamba unavyoyapitisha. Kina kikichorwa dhidi ya logi (logariti) ya muda, mstari ulionyooka ni habari njema. Ukikunja ghafla kwenda chini, mara nyingi mmegusa ukingo wa ufa.

Wataalamu wa jotoardhi, yaani nishati ya joto la chini ya ardhi, hutumia hesabu za ukoo huo huo. Mwanza haina mvuke wa kuchimba, lakini kwenye visima vya mvuke kama vya Olkaria, Kenya, hushushwa kipima presha, maji baridi husukumwa ndani, kisha maji husimamishwa na presha ikatazamwa inavyoshuka. Mita kumi za maji ni takriban baa moja, kwa hiyo kina tunachosoma sisi ni presha pia.

Kipande kinachorukwa zaidi, nacho kwangu ndicho cha thamani kuliko vyote, ni kusoma maji yanavyopanda pampu ikishazimwa. Hapo hakuna mtikisiko wa pampu wa kuvuruga vipimo. Hakikisheni pampu ina valvu ya kuzuia maji ya bombani yasirudi kisimani, la sivyo masomo ya mwanzo yataharibika. Na kwa kuwa mafundi hutaka kufungasha pampu ikinyamaza tu, mkataba useme wazi kabla hawajafika: vipimo vya maji kupanda ni sehemu ya kazi, na malipo ya mwisho hutolewa karatasi yake ikikabidhiwa.