Namna ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Cheti cha TEHAMA

Kabla ya kununua kitabu au kulipia kozi yoyote, pakua orodha ya malengo ya mtihani unaoukusudia. Ni waraka unaotolewa bure na taasisi yenye cheti hicho, nao hutaja mada zinazotahiniwa pamoja na uzito wa kila sehemu. Katika Security+, cheti cha usalama wa mifumo kinachotolewa na taasisi ya CompTIA, toleo la SY0-701, shughuli za usalama zimepewa asilimia 28 ya mtihani, ilhali dhana za jumla zimepewa asilimia 12 tu. Anayegawa siku zake sawasawa kwa kila sura atafika kwenye mada nzito muda ukiwa umemwishia. Chapisha waraka huo, na kila unapoweza kuieleza mada kwa maneno yako mwenyewe bila kuchungulia popote, itie alama.

Kuchagua cheti hakuhitaji mjadala mrefu. Anayetaka kuhudumia watumiaji na kutengeneza kompyuta huanza na A+, yenye mitihani miwili. Wa mitandao huchukua Network+ ya CompTIA, au CCNA ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao. Wa usalama huchukua Security+. Vyote hivi hudumu kwa miaka 3 kisha huhitaji kuhuishwa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mazoezi ya vitendo. Chukua mtandao wa 192.168.10.0/26, yaani ule ambao biti 26 za mwanzo za anwani hutambulisha mtandao, na 6 zilizobaki hutambulisha vifaa. Aliyekariri atasema una anwani 64. Aliyezoea kupanga mitandao ataongeza papo hapo kwamba 62 pekee ndizo zinazoweza kupewa vifaa, kwa kuwa ya kwanza hutambulisha mtandao wenyewe, na ya mwisho, 192.168.10.63, hutumika kutangazia vifaa vyote kwa pamoja. Atajua pia kwamba mtandao mdogo unaofuata huanzia 192.168.10.64, na kwa hiyo kompyuta inayoishia na 60 na nyingine inayoishia na 70, hata zikichomekwa kwenye swichi moja ya mtandao, hazitawasiliana bila ruta, kifaa kinachounganisha mitandao tofauti. Ijenge hali hiyo katika Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, uone ping, amri ya kujaribu kama kifaa kinafikika, ikishindwa, kisha weka ruta, ipange, na uone majibu yakirudi. Ukishayaona hayo kwa macho yako, swali la namna hiyo halitakubabaisha tena hata likiulizwa kwa sura nyingine.

Mitihani ya majaribio nayo ianze mapema. Kwa kila swali ulilokosa, na hata lile ulilopata kwa kubahatisha, andika kwa nini jibu sahihi ni sahihi na kwa nini kila chaguo lililobaki halifai. Jiepushe kabisa na mikusanyo ya maswali yaliyovujishwa kutoka mitihani halisi: kuitumia ni kuvunja makubaliano ambayo kila mtahiniwa huyaridhia, na cheti chaweza kufutwa. Kwangu mimi lililo zito zaidi ni kwamba aliyepita kwa njia hiyo hukabidhiwa mifumo inayobeba siri za watu wengine, naye hajui kuilinda.

Unapojisajili, hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Ukifanyia mtihani nyumbani chini ya kamera, meza iwe tupu na chumbani pasiwe na mtu mwingine. Security+ ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na yale ya vitendo, yanayokula muda mwingi, kwa kawaida hutangulia. Yawekee alama, jibu mengine, kisha yarudie. Usiache pengo lolote, kwa kuwa jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Katika CCNA hali ni tofauti: ukishalipita swali, huwezi kulirudia.

Ikitokea umeshindwa, ripoti ya matokeo ya CompTIA hutaja malengo ambayo ulikosa maswali yake. Ichukue ukae nayo pamoja na ule waraka wa mwanzo, ufute alama ulizoweka mapema mno, na hayo ndiyo yawe masomo ya wiki zinazofuata.