Kuiandaa platuni kwa ulinzi wa amani mashariki mwa Kongo: mwongozo kwa kamanda kijana wa JWTZ

Kamanda wa platuni anayeambiwa kwamba kikosi chake kimeteuliwa kwenda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huwa na miezi michache tu ya kujiandaa, na sehemu kubwa ya muda huo humezwa na mambo ambayo wengine wamekwisha kumpangia: chanjo, vipimo vya afya, ukaguzi wa vifaa, mafunzo ya darasani na gwaride la kukabidhiwa bendera. Mwongozo huu unahusu yale yanayobaki mikononi mwake mwenyewe. Nimeuandika nikiwafikiria vijana wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania wanaopangiwa Kivu Kaskazini, kwa sababu huko ndiko jeshi letu lilikozika matumaini ya familia nyingi kuliko mahali pengine popote chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na kwa sababu huko askari wetu anakuta jambo ambalo hakulikuta Lebanon wala Darfur: raia anayemlinda anazungumza Kiswahili.

Lisome azimio kabla ya kufunga begi

Kila misheni ya Umoja wa Mataifa huishi kwa azimio la Baraza la Usalama, na ni azimio hilo linaloamua askari anaruhusiwa kufanya nini na anakatazwa nini. Misingi ya jumla ni mitatu: ridhaa ya pande zinazohusika, kutopendelea upande wowote, na kutotumia nguvu isipokuwa katika kujilinda na kulinda jukumu lililokabidhiwa. Kwa Kongo misingi hiyo ilichukua sura ya pekee. Tarehe 28 Machi 2013, Azimio namba 2098 liliunda ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, Brigedi ya Kujibu Mashambulizi, yenye askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, makao yake yakiwa Goma na kamanda wake wa kwanza akiwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Brigedi hiyo ilipewa mamlaka ya kuyafuata makundi yenye silaha na kuyapokonya uwezo, na Novemba mwaka huohuo waasi wa M23 walitangaza kusitisha uasi wao baada ya kushindwa na jeshi la Kongo likisaidiwa na brigedi.

Historia hiyo ni ya kujivunia, lakini imewapotosha baadhi ya vijana, ambao huondoka nyumbani wakiamini kwamba kila siku itakuwa kama Novemba ile. Waambie mapema kwamba siku nyingi zitakuwa za doria, za kusindikiza misafara, za kukaa lindoni mvua ikinyesha, na za kumsikiliza mzee wa kijiji akieleza kwa saa nzima jambo ambalo wao wangelieleza kwa dakika tano.

Askari hupewa kadi ndogo ya mfukoni yenye kanuni za matumizi ya nguvu. Usiridhike kwamba anayo mfukoni, wala kwamba anaweza kuikariri. Waketishe chini ya mwembe, sekshen kwa sekshen, yaani vikundi vidogo vinavyounda platuni, na uwape visa: mtu mwenye panga anamfukuza mwanamke kuelekea lango la kambi, umati unaurushia msafara mawe na katikati yake kuna mtu mmoja mwenye bunduki, askari wa jeshi la nchi mwenyeji anampiga raia mbele ya macho yako. Koplo anayejibu kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa kwenye kadi bado hajaelewa. Mwache aeleze kama ambavyo angemweleza mama yake kwa nini alifyatua risasi, au kwa nini hakufyatua. Rudieni visa hivyo kila wiki, mchana na usiku, wakiwa wamepumzika na wakiwa wamechoka, kwa maana uamuzi wenyewe utawakuta wamechoka.

Hakikisha pia kwamba kila mmoja anajua amevaa alama ya nani. Tanzania imepeleka askari Kongo chini ya MONUSCO, na vilevile chini ya SAMIDRC, ambayo ilikuwa misheni ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika iliyoanza Desemba 2023 na kusitishwa Machi 2025. Mwanakijiji anaweza kuchanganya misheni hizo mbili kwa kuwa anaona bendera ileile begani. Askari hana ruhusa ya kuzichanganya.

Vifaa na fedha

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa maofisa ugavi wanalijua jambo hili kuliko mimi. Serikali na Umoja wa Mataifa huandikiana mkataba unaotaja idadi ya askari, magari, jenereta, mahema, vifaa vya tiba na hata majiko, na wakaguzi wa Umoja wa Mataifa huvipima wakati wa kufika na kila baada ya muda. Gari lililoegeshwa kwa kukosa kipuri halirejeshewi gharama zake, na zaidi ya hapo halimfikii majeruhi.

Kuhusu fedha, sema wazi. Umoja wa Mataifa huilipa nchi kiwango maalumu kwa kila askari kwa mwezi, ambacho kuanzia Julai 2018 kilikuwa dola 1,428. Fedha hizo huingia serikalini, na serikali ndiyo inayopanga posho ya askari. Kijana asipoelezwa haya na kamanda wake ataelezwa na uvumi wa kambini, na hakuna kinachoharibu moyo wa kikosi kama hesabu iliyopigwa gizani.

Kambi ndogo msituni: somo la Semuliki

Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya askari wetu karibu na mto Semuliki, kwenye barabara ya Mbau hadi Kamango katika eneo la Beni, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na wapiganaji waliotambuliwa kuwa wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda. Mapigano yaliendelea kwa saa nyingi za usiku. Watanzania 15 walikufa, wengine 43 wakajeruhiwa na mmoja hakuonekana tena. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Dmitry Titov ulibaini mapungufu ya mafunzo katika vikosi vyote vya brigedi, vya kwetu vikiwamo, na ukasema pia kwamba misheni yenyewe haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwaondoa walinda amani waliozingirwa, na kwamba kulikuwa na udhaifu katika amri na uongozi pamoja na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia.

Sitaki jambo hili lisomwe kama lawama kwa vijana waliopigana pale hadi mwisho. Lisomwe kama orodha ya maswali ambayo kamanda wa platuni anatakiwa kuwa na majibu yake kabla ya usiku wa kwanza kuingia. Ni nani atakayekuja kutusaidia, kutoka kambi gani, kwa njia ipi, na akitumia muda gani ikiwa daraja limekatwa? Helikopta ya kubeba majeruhi inaruka usiku au hairuki? Redio ya upepo ikipigwa risasi, ya pili iko wapi na nani anaijua? Risasi za akiba zimehifadhiwa sehemu moja au zimegawanywa?

Kisha zunguka kambi yako kwa miguu, usitumie ramani peke yake. Lala kifudifudi katika kila lindo na uone kile ambacho mlinzi anakiona akiwa amelala, maana nyasi za Kivu hukua haraka kiasi kwamba uwanja wa kufyatulia uliokuwa wazi mwezi uliopita sasa ni pori la kiunoni. Nenda upande wa nje, tambaa kuelekea seng'enge kama adui, na umwombe mlinzi aseme ni lini amekuona. Hesabu hatua kutoka mahemani hadi handakini gizani, bila tochi, buti zikiwa zimevuliwa. Viroba vya mchanga vilivyooza na mvua vibadilishwe siku hiyohiyo vinapoonekana. Kila mapambazuko na kila magharibi platuni nzima iwe kwenye nafasi zake za mapigano, hata kama miezi sita imepita bila tukio. Shambulio la Semuliki lilianza jioni, wakati ambao kambi nyingi hushughulika na chakula.

Kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa na bendera havizuii risasi. Raia wengi wa Beni wangali wanaitegemea kofia hiyo, na kuna wanaume msituni wanaoitafuta kama shabaha.

Kiswahili chako, na ahadi zilizomo ndani yake

Mtanzania hushuka Beni akidhani atasikilizana na kila mtu tangu siku ya kwanza. Atasikilizana nao, ila kwa kiasi kidogo kuliko anavyofikiri. Huko watu ni batu na watoto ni batoto; anayesema "niko nakuya" anakuja; kisamvu kinaitwa sombe; maneno ya Kifaransa yanapita katikati ya sentensi bila kubisha hodi. Wazee wengi wa vijijini wanajieleza vizuri zaidi kwa Kinande, lugha ya wenyeji wa Beni, na askari wa jeshi la Kongo wamezoea kuamrishana kwa Kilingala. Kwa hiyo usimwache mkalimani kambini kwa sababu tu mna lugha moja. MONUSCO ina wasaidizi wa mawasiliano wanaoishi karibu na jamii, ambao hujua nani ni chifu wa kweli na nani anajiita chifu mbele ya wageni. Wafundishe askari wako wasicheke matamshi ya mwenyeji na wasimsahihishe, kwa kuwa wao ndio wageni na Kiswahili cha pale ni chake.

Ipo hatari nyingine ambayo sijaiona ikifundishwa vya kutosha. Ofisa anayezungumza Kifaransa kupitia mkalimani anaweza kutoa ahadi nyepesi ikapotelea njiani. Ya Mtanzania haipotei. Chukua mfano wa doria ya saa kumi alasiri inayokutana na mwanamke mwenye beseni la sombe kichwani. Anasimama, analitua beseni, anauliza, "Mutarudia kesho?" Askari, kwa adabu tu ya kuagana tuliyolelewa nayo, anajibu, "Tutarudi mama, usijali." Kesho yake platuni inapangiwa barabara nyingine. Mwanamke yule, katika eneo ambalo watu wameuawa wakiwa mashambani, ameamka alfajiri na kwenda shambani na wanawe kwa sababu ya neno moja alilolielewa vizuri bila mkalimani.

Kwa hiyo ifundishe platuni kujibu kwa kile wanachokimiliki: "Nimekusikia, nitamfikishia mkuu wangu leo." Kamanda wa sekshen awe na daftari, na kila neno la namna hiyo liandikwe pamoja na jina la kijiji, tarehe na jambo lililoombwa. Jioni daftari lisomwe mbele yako. Lisilowezekana lirudishwe kwa mwenyewe kwa kauli ya wazi kwamba haliwezekani. Wanawake wa kikosi washirikishwe katika doria hizi tangu mwanzo, kwa maana yapo mambo, hasa ya ubakaji, ambayo mama wa kijijini hatayasema mbele ya wanaume sita wenye bunduki hata kama wote wanazungumza lugha yake.

Nidhamu isiyo na mlango wa nyuma

Tangu 2003, waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa unakataza kabisa kubadilishana fedha, chakula, kazi au msaada kwa ngono, na unakataza uhusiano wa kimapenzi na yeyote aliye chini ya miaka 18, bila kujali sheria ya mahali hapo na bila kukubali utetezi wa kwamba umri haukujulikana. Lisome hili mbele ya platuni kwa sauti yako mwenyewe. Usimwachie mkufunzi wa kutoka nje.

Waambie pia ukweli unaouma. Juni 2023, Umoja wa Mataifa ulitangaza kurejeshwa nyumbani kwa kikundi cha askari 60 wa Tanzania kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya kupatikana ushahidi wa awali kwamba 11 kati yao walihusika katika unyonyaji na unyanyasaji wa kingono dhidi ya waathirika wanne. Kikundi hicho kilikuwa katika kambi ya muda, mbali na makao ya kikosi, na kwa kamanda wa platuni hilo ndilo la kuzingatia. Kambi ya mbali ikaguliwe bila taarifa. Biashara ndogo ya langoni, ya sabuni, mkaa na biskuti, ihamishiwe mahali pa wazi na wakati maalumu. Kijana wa kijijini asifanywe mtumishi wa kufua na kuchota maji kambini, hata kama wazazi wake wamekuja kuomba. Malalamiko yakifika, yapelekwe juu siku hiyohiyo, na mlalamikaji asiulizwe maswali na rafiki wa mtuhumiwa.

Nyumbani

Muda wa kawaida wa jukumu ni miezi 12, na mwaka mmoja ni mrefu kwa ndoa changa. Kabla ya kuondoka, kila askari aandike ni nani anayeshughulikia ada, kodi ya nyumba na matibabu, na mwenzi wake awe na nakala. Familia ipewe namba ya simu ya ofisa mmoja wa kikosi anayebaki, ili habari mbaya, ikiwa itakuja, isiwafikie kwanza kwa picha za mitandaoni. Mwambie askari asiahidi kupiga simu kila usiku. Minara haikubali, na ukimya wa siku mbili kutoka kwa aliyeahidi kila usiku humkosesha mtu usingizi.

Kukabidhi

Wiki mbili za mwisho ni za hatari, kwa kuwa mioyo imekwisha kufika Dar es Salaam wakati miili ingali lindoni. Usipunguze doria. Kikosi kinachopokea kitataka kuonyeshwa magari, mahandaki na ghala la silaha, na hayo yana fomu zake. Daftari la vijiji halina fomu, hivyo lipangie siku yake. Mchukue kamanda anayekurithi hadi kwa kila kiongozi aliyetajwa humo, mketi naye chini, msome pamoja mambo yaliyoombwa na yasiyojibiwa, na mwenye kijiji asikie kwa masikio yake nani sasa anadaiwa jibu. Kisha mpe mwenzako daftari hilo mkononi, mbele ya mzee huyo, kabla hamjasimama.