Kabla hujanunua risasi za bweha

Msimu wa mbuzi kuzaa ukifika huku Kiruhura, magharibi mwa Uganda, simu yangu hailali. Kila anayepiga anataka kujua jambo moja: risasi gani nyepesi, yenye mbio, ya kumpiga bweha? Nami humrudishia swali: bweha umemwona kwa macho, au umeona mzoga tu?

Wengine hudhani nawakejeli. Bweha wetu wa sehemu hizi ni yule mwenye mstari ubavuni, na chakula chake kikubwa ni panya, wadudu, matunda na mizoga. Kitoto cha mbuzi anakibeba, sikatai. Lakini mara nyingi huja kuokota kilichoachwa na mbwa wa kijiji. Tazama majeraha kabla hujatazama bei ya risasi. Mbwa hung'ata ovyo, paja, sikio, mkia, wakajeruhi watano wasimle hata mmoja. Bweha huchukua kilicho kidogo na kutokomea nacho. Kule Karamoja, kaskazini-mashariki, yuko bweha wa mgongo mweusi, na huyo ndiye mwenye sifa mbaya zaidi kwa wafugaji. Huko huko yuko pia mbweha mdogo mwenye masikio makubwa kupita kichwa, ambaye kazi yake ni kula mchwa. Gizani macho yao yanawaka vilevile. Ukimpiga huyo, umepoteza risasi na umewaponya mchwa wanaokula nguzo za zizi lako.

Pili, karatasi. Leseni ya bunduki kutoka polisi haikupi ruhusa ya kuua mnyamapori. Hivyo ni vitu viwili, na watu wameingia matatani kwa kuvichanganya. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, ruhusa inatoka kwa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, hata kama bweha amekufuata hadi kwenye banda lako. Nenda ofisini kwao na picha za mizoga na tarehe. Ukipewa ruhusa, isome yote: eneo, idadi, muda. Halafu mjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji. Karamoja ongeza na kambi ya jeshi iliyo karibu, maana tangu Julai 2021 operesheni ya kukusanya silaha, Usalama kwa Wote, imewafanya askari wasikilize kila mlio. Ukifyatua alfajiri bila taarifa, watafika wao kabla ya jirani yako.

Anayekwambia "achana na bunduki, weka dawa kwenye nyama", mkatalie. Aprili 2018 pale Hamukungu, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, simba kumi na mmoja walikufa kwa sumu, na wanane kati yao walikuwa watoto. Sumu haichagui.

Sasa risasi yenyewe. Watu hupenda kichwa chepesi, ile sehemu ya risasi inayoruka, chenye mbio kwa sababu kinanyooka: hakishuki sana njiani, kwa hiyo ukikosea kukisia umbali kwa hatua thelathini bado unampata. Hiyo ni sababu nzuri, ila kwangu ni ya pili. Ya kwanza ni kwamba kichwa cha ganda jembamba, kile chenye tundu nchani au ncha ya plastiki, kikigonga kwa kasi kubwa huvunjika vipande. Kikimpata bweha, nguvu yote hubaki mwilini mwake na anaanguka hapo hapo. Kikimkosa kikagonga udongo, kwa kawaida husambaratika badala ya kuruka na kuendelea na safari. Mahali penye ng'ombe wa Ankole wenye pembe za kuanikia nguo, na watoto wanaopeleka maziwa kabla jua halijachomoza, hilo ndilo ninalolipia. Lakini usilewe nalo. Jiwe ni jiwe, na risasi yoyote inaweza kudunda juu yake.

Risasi ya kijeshi yenye kichwa kilichofunikwa chote kwa shaba hufanya kinyume. Inampita bweha kama sindano, yeye anakwenda kufia vichakani kwa uchungu, nayo inaendelea hadi kwa ng'ombe wa jirani. Na kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui: risasi ya 5.56 ya jeshi na ile ya kiraia, .223 Remington, zinafanana sura mpaka ukazichanganya kiganjani, lakini ya jeshi ikiingizwa kwenye bunduki iliyotengenezwa kwa .223 inaweza kuleta shinikizo kubwa kupita kiasi. Achilia mbali kwamba kukutwa nayo ni kesi.

Ukiniuliza kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi, nitakwambia .223 na sitakaa kubishana. Kichwa cha greni 55, yaani gramu tatu na nusu hivi, hutoka mtutuni kwa takriban mita 980 kwa sekunde. Ukiilinganisha bunduki na shabaha ya mita 200, yaani ukiirekebisha igonge pale pale unapolenga, katikati ya njia risasi inapita juu kidogo, sentimita nne au tano hivi, na kwenye mita 300 imeshuka zaidi ya sentimita 20. Bweha hahitaji zaidi ya hapo. .22-250 inakimbia kuliko hiyo, na .204 Ruger iliyotoka 2004 vilevile, zote tamu sana mikononi, ila zinakula mtutu na risasi zake utazitafuta mpaka uchoke. Bunduki isiyo na risasi ni rungu la bei ghali. .22 Hornet ya kizamani inatosha ukiwa na subira ya kungoja mita 150. .17 HMR ni ya sungura, usimfanyie bweha dhambi hiyo. Ukiwa na .243 tayari, usinunue nyingine. Itafutie vichwa vyepesi.

Wepesi una deni lake, nalo ni upepo. Upepo wa kupepesa majani ya mgomba tu, kilomita 16 kwa saa ukikata njia ya risasi, unaisogeza hiyo ya greni 55 zaidi ya sentimita kumi kwenye mita 200. Kifua cha bweha si kipana. Na nyasi! Yule anayesema risasi yenye mbio inapasua nyasi hajawahi kwenda kutafuta alipopiga. Bua moja kavu linatosha kukipasua kichwa chepesi au kukipotosha njia.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mifuo ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi. Kuna mtutu unaozungusha mara moja kila inchi 12, kuna wa kila inchi 7. Ule wa taratibu unapenda vichwa vyepesi na kuvirusha vizito ovyo. Ule wa haraka unavimudu vizito, lakini kichwa chepesi cha ganda jembamba kinaweza kuzungushwa hadi kikapasuka hewani. Namba hiyo mara nyingi imechongwa ubavuni mwa mtutu. Isome, kisha nunua pakiti moja moja za aina mbili au tatu, usinunue katoni.

Mwaka juzi mzee mmoja alikuja na bunduki yenye mtutu unaozungusha kila inchi 8 na risasi za greni 40, mpya, alizosifiwa na muuzaji. Tuliweka boksi la biskuti mbele ya kichuguu, mita 100, yeye akalala chini na gunia la mchanga. Matundu matano yalienea ukubwa wa sahani ya pilau. Nikampa tano zangu za greni 55, bei nafuu, boksi limechakaa. Ukiweka kifuniko cha chupa ya maji juu ya matundu yake matano, yangefichika karibu yote. Mzee akatazama boksi, akatazama risasi zake, akauliza kama muuzaji anarudisha pesa. Harudishi.

Siku hiyo hiyo niligundua alikuwa amesafiri nazo juu ya dashibodi tangu Mbarara, jua la mchana likizipiga. Baruti ikipata joto, shinikizo hupanda na risasi hubadilisha mahali pa kugonga. Ziweke kwenye mfuko, chini ya kiti, kivulini. Na uilinganishe bunduki yako hapa hapa utakapowinda, kwa risasi zile zile utakazotumia, si zilizobaki za mwaka jana.

Siku ya kutoka, tembea eneo mchana kwanza. Mimi huchagua kichuguu au ukingo wa udongo nyuma ya mahali bweha anapopitia, nakaa juu kidogo ili risasi ielekee chini. Akisimama kwenye upeo wa kilima na anga nyuma yake, simpigi, hata awe na kitoto cha mbuzi mdomoni. Masikio nayaziba, mlio wa risasi hizi za kasi ni mkali kuliko unavyodhani.

Akianguka, ngoja, msogelee kwa nyuma, mguse jicho kwa kijiti kirefu. Usimshike kwa mkono mtupu. Bweha hubeba kichaa cha mbwa, na mate yake yakiingia kwenye kidonda kidogo tu umejipa safari ya kliniki na sindano nyingi. Glavu, shimo refu ambalo mbwa hawatalifukua, picha kwa ajili ya UWA. Kisha okota maganda, yahesabu, linganisha na zilizobaki kwenye pakiti, na uandike daftarini kabla hujanywa chai.