Mambo ya kuzingatia kabla ya kubadilisha injini na ekseli za Land Cruiser ya porini

Anayeamua kuitoa injini ya 1HZ, dizeli isiyo na turbo, kwenye Land Cruiser yake ili aweke yenye turbo, na wakati huohuo kuweka ekseli imara zaidi, aianze kazi hiyo mezani kabla ya kuingia uvunguni. Andika gari litabeba uzito kiasi gani, litapita njia zipi na litakuwa mbali na fundi kwa muda gani. Gari la kutembeza wageni Serengeti na gari la kupeleka mizigo minadani hayahitaji vitu sawa, na fundi anayetaja bei kabla ya kukuuliza maswali hayo usimkabidhi gari lako.

Hati ni jambo la kwanza. Nambari ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo uliza utaratibu wa kuibadilisha kabla ya kununua chochote, kwa mamlaka ya mapato (TRA) ukiwa Tanzania na kwa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani (NTSA) ukiwa Kenya. Dai risiti na hati za forodha za injini yenyewe, kisha ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi. Injini isiyo na hati, hata ikiwa inaunguruma vizuri namna gani, iache hapo ilipo.

Kuhusu injini yenyewe, wengi hushawishiwa kuibakiza 1HZ na kuifungia turbo. Injini hiyo ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2, na dizeli yake huanza kuwaka katika chumba kidogo ndani ya silinda hedi. Ukiilazimishia hewa na kuizidishia mafuta, joto hupanda kupita kiwango ambacho hedi iliundwa kukistahimili, na mwisho wake ni nyufa. Ni afadhali utafute 1HD-T au 1HD-FT, ambazo ni za ukoo uleule na ujazo uleule lakini ziliundwa na turbo tangu kiwandani. Ile 1HD-FTE iliyokuja baadaye ina pampu inayoongozwa na kompyuta, hivyo usiinunue bila kompyuta yake, waya zake zote na sensa zake. Muuzaji akikuambia kwamba waya utazipata kwingine, mwache aende kuzitafuta yeye.

Injini za kwanza za 1HD-T zinajulikana kwa kuchakaza beringi za konrodi. Fungua sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya injini, uzibadilishe injini ikiwa bado iko sakafuni, pamoja na mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili ya nyuma ya krankshafti. Kagua pia stata, kwa maana magari mengi ya dizeli yaliyotoka Japani huwashwa kwa volti 24 na huenda lako linatumia 12. Rejeta isiyo nzima na klachi ya zamani zisirudishwe.

Ekseli ndipo watu wanapoumia. Hesabu nati za magurudumu: Land Cruiser za mfululizo wa 70 za zamani zina sita, na zilizotengenezwa tangu 1999 zina tano, kwa hiyo gari lenye ekseli mchanganyiko litakulazimu kubeba tairi mbili za akiba. Pima urefu wa propela shafti na pembe yake. Hakikisha breki za mbele na za nyuma zinaendana na silinda kuu, la sivyo gari lililopakiwa litakuyumbia kwenye mteremko. Baada ya hayo yote, pima kwa mkono wako uwiano wa difu, yaani propela shafti huzunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja.

Jamaa yangu mmoja anayepeleka bidhaa minadani Simanjiro alinunua ekseli nzima ya nyuma kwa muuza spea aliyemhakikishia kwamba ilitoka kwenye gari kama lake. Ilikuwa safi, mafuta yake hayakuwa na chembe za chuma, nati zilikuwa sita kama za mbele, na ilikaa kwenye springi bila kukatwa kitu. Kwa miezi kadhaa gari lilitembea vizuri, kwa sababu barabarani alitumia magurudumu ya nyuma peke yake. Alichokiona ni kwamba spidomita ilisoma chini kidogo na gari lilikuwa zito kupanda mlima, naye akaishuku klachi. Masika yalipofika akaingia kwenye udongo mweusi akiwa ameunganisha magurudumu yote manne, na akavuka salama, kwani kwenye tope matairi huteleza na kuulegeza mvutano. Mbele kidogo akakuta changarawe kavu. Gari likakaza, likagoma kukata kona, na gia ya magurudumu manne ikakataa kutoka. Alipoongeza mafuta, meno ya transfa, ile gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, yakavunjika na kipande kikatoboa kasha lake. Alilala hapohapo, mvua ikanyesha tena, na unga aliokuwa ameupakia ukalowa kabla trekta halijafika. Hasara ilizidi bei ya injini aliyokuwa ameifunga.

Difu ya mbele ilikuwa 4.11 na ile aliyouziwa ilikuwa 3.70. Propela shafti mbili zikishaunganishwa na transfa huzunguka sawasawa, hivyo magurudumu ya nyuma yakienda mita 100, ya mbele yanataka kwenda 90 tu. Mahali pakavu, zile mita 10 huishia kwenye chuma.

Upimaji hauhitaji kifaa maalumu. Ekseli ikiwa sakafuni dukani, loki ya difu ikiwa imefunguliwa, mtu mmoja azuie kitovu cha gurudumu la upande mmoja, wewe uzungushe cha upande wa pili mara 20, na mwingine ahesabu kwa alama ya chaki mizunguko ya flanji ya pinioni, pale propela shafti inapofungwa. Kwa kuwa upande mmoja umezuiwa, mizunguko hiyo 20 ni sawa na 10 ya magurudumu yote mawili: akihesabu 41 ni difu ya 4.11, akihesabu 37 ni ya 3.70. Fanya vivyo hivyo kwa ekseli ya mbele iliyomo kwenye gari: inua gurudumu moja, funga habu za magurudumu yote mawili ya mbele, weka gia huru na uzuie gari lisisogee. Usitegemee kibati cha kiwandani, kwa kuwa hakijui kilichofunguliwa na kufungwa baadaye. Hesabu zisipolingana, usinunue, hata muuzaji akuapie.

Halafu yapo madogo. Matairi yote manne yawe ya kimo kimoja. Mipira ya kupumulia ya ekseli ipandishwe juu, ili ukivuka mto difu isivute maji. Safari ya kwanza isiwe ya kazi: lijaribu gari karibu na mji, kwanza tupu, kisha likiwa na mzigo kamili, ukitazama kipimo cha joto kila mara, ukirudi kaza upya nati za maunti zinazoshika injini, za propela shafti na za magurudumu, na umwage mafuta ya difu uone kilichomo. Nguvu ikishaongezeka, mwendo wa zamani kwenye kona haufai tena, na dereva mwingine akilishika gari aambiwe. Injini ya zamani nayo usiiuze mpaka masika yote yapite.