Kabla ya Kumpa Kijana Mkimbizi Mtaji Nairobi au Kakuma

Makanisa, vyama na ndugu walioko ughaibuni wakitaka kumsaidia kijana mkimbizi aanze biashara Kenya, swali huwa moja: tumpe shilingi ngapi? Hilo liwe swali la mwisho. Kijana aliyetoka Bukavu, Uvira au Bujumbura mara nyingi anajua kununua na kuuza, na Kiswahili anacho. Anachokwamia ni karatasi, mahali pa kuuzia, na mizigo ya nyumbani aliyonayo kabla hujakutana naye. Pesa ikitangulia, inaishia huko.

Karatasi kwanza. Mwombe akuonyeshe, usitosheke na maelezo. Mwenye kitambulisho cha mkimbizi na mwenye karatasi ya muda ya mwomba hifadhi hawana nguvu sawa. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kufanya kazi na biashara, peke yake au na wenzake. Kwa kitambulisho hicho anaomba PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, na kusajili laini ya simu. Kibali cha kazi cha wakimbizi ni cha daraja M, na hakina ada. Kile cha mtaji wa dola 100,000 ni daraja G, cha wawekezaji wa kigeni. Broka akimtajia kijana wako hesabu za namna hiyo, mwondoe kijana hapo haraka. Tazama pia tarehe ya kitambulisho kuisha, maana kungoja kipya kunaweza kuchukua miezi, na tazama amesajiliwa wapi. Aliyesajiliwa kambi ya Kakuma, huko Turkana, akifungua biashara Nairobi bila ruhusa, polisi hawatakosa sababu ya kumsumbua.

Halafu muulize swali dogo ambalo wengi hulisahau: M-Pesa yako iko kwa jina la nani? Vijana wengi hutumia laini iliyosajiliwa na jirani, mpenzi au mwenye nyumba. Wakati anauza mandazi ya shilingi mia mbili kwa siku haionekani kama tatizo. Biashara ikikua, mauzo ya mwezi mzima yanakaa kwenye simu ambayo, mbele ya kampuni ya simu, si yake. Wakikosana, mwenye jina anaenda dukani na kitambulisho chake, anabadilishiwa laini, na kijana anabaki na simu isiyo na mtandao. Usimtumie mtaji hata shilingi moja mpaka laini iwe kwa jina lake.

Mahali pa kuuzia ndipo wafadhili wanapokosea hesabu zaidi. Mtu ananunua cherehani, anapiga picha, anaondoka. Cherehani inawekwa chumbani mtaani Kayole, Nairobi, kati ya kitanda na jiko, na mteja pekee anayeiona ni jirani wa mlango wa pili. Ukimnunulia fundi cherehani, hesabu pamoja nayo depoziti ya kibanda, kodi ya miezi mitatu, stima, leseni ya kaunti, na gudwili, yaani malipo ya kuachiwa kibanda ambayo mpangaji anayetoka huenda akayadai. Mara nyingi hayo yakijumlishwa yanapita bei ya cherehani yenyewe. Kama hamwezi yote, ni heri kijana akodi kona ndani ya duka la fundi mwingine kuliko awe na mashine mpya isiyo na mlango wa duka. Haki ya mkimbizi kufanya biashara haiondoi leseni, na kanjo, askari wa kaunti, hawaulizi mtu ametoka wapi kabla ya kubeba bidhaa. Anayeuza chakula anahitaji pia cheti cha afya, na vipimo vyake hurudiwa kila miezi sita.

Kakuma ni hesabu nyingine kabisa. Kutoka kambini kunahitaji ruhusa, kwa hiyo kijana anayetaka mzigo wa Kitale au Eldoret analazimika kumtegemea mtu wa kumletea, na huyo mtu ana bei yake. Pia uliza wateja wake wanapata pesa wapi. Kwa miaka mingi maduka ya vyakula huko yameishi kwa Bamba Chakula, ile vocha ya simu ya WFP, Shirika la Chakula Duniani. WFP ilipopunguza misaada mwaka 2025, familia ziliendelea kula kwa mkopo wa dukani, na wenye maduka wakabaki na daftari zilizojaa majina. Kabla ya kumfungulia kijana duka la unga na mafuta, mwambie azunguke kwa wenye maduka watatu awaulize wanadai kiasi gani. Majibu yakitisha, afikirie kazi inayowagusa pia wenyeji Waturkana na wafanyakazi wa mashirika: kinyozi, kutengeneza simu, kuchomelea.

Sasa nyumbani. Kijana huyu anaweza kuwa ndiye pekee mwenye kipato kwenye nyumba ya watu wanane, na ana deni la safari linalongoja. Mtoto akiugua usiku, mtaji ndio utakaolipa hospitali, na hata wewe ungefanya hivyo hivyo. Usimlaumu, panga mapema. Tenga pesa kidogo ya chakula kwa miezi mitatu ya mwanzo, itumwe kando, isichanganywe na ya biashara. Naamini kipengele hiki kinaokoa biashara nyingi kuliko semina yoyote ya ujasiriamali.

Mwisho, zungumzeni kuhusu kuondoka. Wengi wameishi miaka wakisubiri kupelekwa nchi ya tatu, na Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, waliokuwa wameuza vitu vyao walibaki bila safari na bila kazi. Andikeni, kwa Kiswahili na kwa ukurasa mmoja: pesa hii ni zawadi au mkopo, na akiitwa kusafiri, vifaa na kibanda vitabaki kwa nani. Atie sahihi yeye, na huyo atakayeachiwa awepo siku hiyo.